Kabla ya Kukodi Lori, Hesabu Breki



Mwezi huu sitaandika habari za mbolea wala za dawa ya viazi. Nataka kuandika juu ya lori linaloshusha viazi hivyo. Mara nyingi mkulima hutumia miezi mitatu na zaidi kulima, kupanda, kupalilia na kupiga dawa, kisha kazi yote hiyo huipakia juu ya gari ambalo hakuliuliza swali ila moja tu: "Bei gani mpaka sokoni?"

Skimu nyingi za makazi zilizofunguliwa tangu mwaka 1962 ziko juu. Kinangop, Ol Kalou, Molo na nyingine za namna hiyo ni nchi za baridi, na baridi hiyo ndiyo inayotupa viazi, kabeji, maziwa na pareto. Lakini wanunuzi wako chini. Kwa hiyo mazao yetu huteremka mlima yakiwa na uzito wote, na lori hurudi tupu likipanda. Hata hivyo watu husifu lori kwa kupanda kwake. "Lina nguvu hilo," husema, nao hulitazama kama fahali wa maonyesho. Mimi naona kwamba mkulima wa skimu ya juu yampasa kulisifu lori kwa kushuka kwake, tena aweze kulipima na kulilinganisha na jingine kabla ya kutoa pesa. Njia ya kulipima iko, na haihitaji fundi.

Kwanza tuelewe taabu yenyewe. Chukua lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo wake. Likishuka mita 500 kutoka juu mpaka chini, joto linalopatikana kwa kulizuia lisikimbie latosha kuchemsha madebe 8 ya maji ya baridi. Upepo na magurudumu huchukua sehemu yake, lakini sehemu kubwa hubaki nayo haina budi kwenda mahali. Dereva akitumia breki ya mguu peke yake, joto hilo huingia katika ngoma za chuma zilizo ndani ya magurudumu. Ngoma ikipata moto hupanuka. Laini za breki zikishika moto mno hupoteza mshiko. Na kama ni breki za mafuta, mafuta yaliyokaa miaka pasipo kubadilishwa huwa yamenyonya maji. Maji hayo huchemka yakawa mvuke, na pedali hushuka mpaka sakafuni pasipo kushika kitu. Dereva anaweza kuwa na breki nzuri kabisa juu ya mlima na asiwe na breki yoyote katikati yake.

Jambo hili lilimtisha hata mtengenezaji wa injini. Mwaka 1931 Bwana Clessie Cummins, Mmarekani ambaye jina lake liko juu ya injini nyingi za dizeli hata leo, alikuwa akivuka Marekani kwa lori la dizeli pamoja na wenzake wawili. Walipokuwa wakishuka njia ya mlima iitwayo Cajon, huko California, breki zilichoka, nao wakaponea chupuchupu kugongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikikata barabara kule chini. Hakusahau. Miaka mingi baadaye alibuni breki inayotumia injini yenyewe, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961.

Kwa nini dizeli ihitaji msaada wa namna hiyo? Injini ya petroli ukiondoa mguu kwenye mafuta hufunga njia ya hewa, na pistoni hubaki zikivuta kwa shida, gari likapungua mwendo. Dizeli ya kawaida haina kifuniko hicho. Huvuta hewa tele na kuitoa tele, basi ikiachwa hivyo hivyo hushikilia kidogo tu. Ndipo ikawekwa breki ya ekzosi. Hiyo ni kifuniko cha chuma ndani ya bomba la moshi. Dereva huvuta kijiti kilicho kando ya usukani, taa ndogo huwaka, na akiondoa mguu kwenye mafuta kifuniko hufunga. Hewa inayotolewa haina pa kutokea, hujaa, na kila pistoni inapopanda hulazimika kuisukuma hewa iliyobanwa. Nguvu ya kuisukuma hutoka katika magurudumu, na ndiyo maana lori hupungua mwendo. Joto nalo hutoka kwa bomba na kwa rejeta, badala ya kuunguza ngoma za breki.

Hicho kifuniko cha kawaida ndicho mtakachokiona katika malori mengi tunayokodi, yaani Isuzu na Mitsubishi Fuso. Kuna aina nyingine ambayo turbo yenyewe hujifunga mabawa yake na kuizuia hewa. Breki aliyobuni Bwana Cummins hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: huiacha pistoni ibane hewa, kisha vali hufunguka juu kabisa na kuitupa nje, ili ile hewa isirudishe nguvu iliyotumika kuibana. Hiyo hushika zaidi kuliko kifuniko, nayo ina mngurumo mkubwa. Malori makubwa ya trela na mabasi mengine yana kifaa kingine tena kilichounganishwa na gia. Sitakaa sana juu ya hizo. Mkulima mwenye magunia 100 hakodi gari la namna hiyo.

Sasa, nani ashike zaidi, na tujuaje? Wako watu waliojaribu jambo hili kwa utaratibu. Katika jimbo la Colorado, Marekani, barabara kuu ya I-70 huteremka kutoka handaki la Eisenhower, lililo zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari, na mteremko wake hufika asilimia 7. Waandishi wa habari za magari huko huchukua pikapu kubwa za dizeli, huzifungia trela nzito, hushuka nazo, na kazi ya mmoja wao ni kuhesabu: dereva amekanyaga breki ya mguu mara ngapi toka juu mpaka chini? Pikapu iliyokanyagwa mara chache ndiyo iliyoshinda. Tangu mwaka 2007, pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 6.7 zilipoanza kutumia turbo yake kuwa breki ya ekzosi, washindani wake nao waliongeza bidii, na hesabu hiyo ikawa jambo la kujivunia katika biashara.

Nakipenda kipimo hicho kwa sababu hata mtoto wa darasa la pili aweza kukitumia. Hakiulizi kiwanda kimeandika nini katika kitabu. Huuliza mguu wa dereva umefanya kazi gani.

Lakini hapo yafaa tuwe waangalifu. Pikapu zile zina gia zinazojibadilisha zenyewe. Dereva akigusa breki, gari huelewa kwamba liko mlimani na hushusha gia, injini ikazunguka kwa kasi zaidi, na breki ya ekzosi ikapata nguvu. Maana nguvu ya breki hii hufuata mzunguko wa injini. Injini ikizunguka polepole, hewa inayobanwa ni kidogo na breki ni dhaifu. Ikizunguka upesi, breki hushika. Kwa hiyo ushindi wa Colorado si wa breki peke yake, ni wa breki na gia pamoja. Malori yetu mengi ni ya gia za mkono. Hapa anayechagua gia ni dereva, na malori mawili yaliyotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja yaweza kutofautiana sana kwa sababu ya mikono miwili.

Na hapa ndipo nataka kusema kwa ukali kidogo. Wako madereva wanaoweka fri mlimani, yaani huondoa gia ili lori litiririke lenyewe, wakidhani wanaokoa mafuta. Kila aliyesafiri kati ya Sachangwan na Salgaa amesikia habari za desturi hiyo na maafa yaliyosemwa kuwa yameletwa nayo. Gia ikiwa fri, magurudumu hayaizungushi injini, na breki ya ekzosi haina cha kushika. Hata ingekuwa mpya, hata taa yake iwe inawaka, ni bure. Klachi nayo ni vivyo hivyo: dereva akiikanyaga, breki hujifungua. Habari ya kuokoa mafuta pia haina ukweli katika mteremko mkali. Lori lililo katika gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, huzungushwa na magurudumu, nayo pampu hukata dizeli. Lori lililo fri lazima liendelee kuchoma dizeli ili injini isizime. Basi dereva huyo hulipa mafuta ili apoteze breki.

Tarehe 30 Juni 2023 lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja gari kando ya barabara. Sihukumu sababu ya ajali ile. Hiyo ni kazi ya wengine. Nawakumbusha tu kwamba lori likimshinda dereva, wanaokufa mara nyingi ni wale waliokuja kuuza kabeji.

Turudi kwenye kuhesabu. Mkulima au mjumbe wa kamati ya chama akae ndani ya lori karibu na dereva, siyo juu ya magunia. (Juu ya magunia asikae mtu yeyote, wala tanboi.) Chagueni mteremko mmoja mnaoujua, wenye mwanzo na mwisho unaoonekana: kutoka kwenye duka fulani mpaka kwenye daraja fulani. Malori mawili yanayolinganishwa yabebe uzito mmoja na yashuke kwa mwendo mmoja, la sivyo hamkulinganisha kitu. Juu, kabla mteremko haujaanza, dereva ashushe gia na kuvuta kijiti. Kabla haujaanza, nasema, kwa sababu anayetafuta gia akiwa tayari amekwisha ingia mlimani atakuwa fri kwa muda ule wa kuitafuta, na pengine asiipate. Madereva wa zamani walisema ushuke kwa gia uliyopandia. Magari ya siku hizi hupanda kwa gia kubwa kuliko yale ya zamani, basi mara nyingi yafaa kushuka gia moja chini ya hiyo.

Kisha hesabu. Hesabu kila mara mguu unapogusa breki, na hesabu pia umekaa muda gani. Kukanyaga mara tatu kwa nguvu na kuachia, ngoma zikapata nafasi ya kupoa, ni afadhali kuliko kukanyaga mara moja kwa kusugua kilomita mbili nzima. Kwa hiyo mguu ukikaa juu ya breki, hesabu polepole moja, mbili, tatu, mpaka utoke, na uandike. Tazama pia saa ya mizunguko ya injini. Ikikaa juu lakini chini ya alama nyekundu, dereva anajua kazi. Ikikaa chini, amechukua gia kubwa mno. Ikiingia katika alama nyekundu, lori linaisukuma injini kupita kiasi na laweza kuivunja. Hapo dereva hana budi kukanyaga breki ya mguu mpaka mwendo upungue, ndipo ashushe gia. Breki ya ekzosi haisimamishi lori. Hulishika tu lisiongeze mwendo, na breki ya mguu hubaki baridi ikingoja punda au mtoto atakayetokea barabarani.

Mkiona kijiti kimevutwa, taa inawaka, gia ni ndogo, na bado lori halionyeshi dalili ya kushikwa, mwulizeni mwenye gari. Kifuniko kisichotumiwa hukwama kwa masizi. Mpira wa kuvuta hewa hupasuka. Bomba likivuja moshi kabla ya kifuniko, hewa hutokea hapo na breki hupungua. Nimesikia pia mafundi wakishauri kifuniko kifungwe wazi kwa waya, ati breki ya ekzosi huua injini. Iliyowekwa na kiwanda imepimiwa vali za injini hiyo. Yenye hatari ni ile iliyonunuliwa kuukuu na kufungwa juu ya injini isiyo yake, maana hewa ikibanwa kupita kiasi yaweza kufungua vali zilizopaswa kufungwa.

Uzito nao ni shauri letu sisi wakulima, hatuwezi kumtupia dereva. Gunia la viazi kwa sheria lisizidi kilo 50. Magunia 120 ya halali ni tani 6, na dereva ajua amebeba nini. Lakini tukiyavisha yale ya kilemba yanayoitwa mukurino, hakuna ajuaye lori limebeba nini, wala yule anayepaswa kuchagua gia. Mnunuzi ametuibia kilo zetu, kisha kilo hizo hizo zikazidi nguvu ya breki. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara mbili kwa gunia moja.

Wenye kukodi lori la kukokota trela wasikie neno moja zaidi. Breki ya ekzosi hushika magurudumu yanayoendeshwa na injini tu. Trela haiijui. Lori likishikwa, trela huja nyuma ikisukuma, na katika kona yenye utelezi yaweza kulizungusha lori kichwa kikaangalia ilikotoka mikia. Kwa hiyo trela ni lazima iwe na breki zake zinazofanya kazi, zijaribiwe nyumbani kwenye tambarare. Vivyo hivyo trekta lenye trela ya kubebea majani au mahindi: mengi hayana breki ya ekzosi, msaada wake ni gia ndogo tu, na pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, zifungwe pamoja kwa kipini chake kabla ya kutoka shambani. Nyingi naziona zikipita mbele ya ofisi yetu zikiwa zimeachana.

Najua jibu nitakalopewa. Mwenye lori atasema kushuka kwa gia ndogo ni kupoteza wakati. Haya, tupige hesabu. Mteremko wa kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni dakika 14 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 25 ni dakika 29. Tofauti haifiki dakika 15. Mimi nimewaona wenye malori hao hao wakikaa saa nzima wakingoja chai na kubishana juu ya shilingi 20 za kupakia gunia. Na sisi pia tuache kumsukuma dereva. Tukimwambia awahi soko kabla ya alfajiri, tukampakia saa nne za usiku, yeye atatafuta dakika zake hapo mlimani tu, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuzipata.

Kwa hiyo naona kila chama cha ushirika kinachokodi malori kiwe na daftari. Jina la gari liandikwe, uzito, gia aliyoshukia, na idadi ya kukanyaga katika mteremko ule ule mmoja. Lori lenye breki ya ekzosi iliyokufa lisikodiwe hata kwa bei ya chini, na dereva anayeweka fri asirudi, hata akiwa ndugu yake mwenyekiti. Lori lililoshuka vizuri lipewe kazi kwanza, na ikibidi liongezwe malipo kidogo. Mwenye gari atatengeneza kile kifuniko siku atakapoona kinamletea kazi.

Hesabu ya kiangazi isitumike wakati wa mvua. Lori tupu, au lenye mzigo mwepesi nyuma, laweza kuteleza magurudumu ya nyuma breki ya ekzosi inapofunga juu ya udongo wenye maji, na hapo dereva ataizima na kushuka kwa gia ndogo peke yake, polepole zaidi. Basi mvua zikianza, fungueni ukurasa mpya wa daftari na mhesabu tena.